Majira ya Kuchipua Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutazama Ndege na Wanyama, Kwenye Televisheni na Mashambani

Ukurasa huu ni wa Waswahili waishio Uingereza, wageni wanaokwenda kutembea huko kati ya Machi na Juni, na wale wanaofuatilia kwa skrini wakiwa mbali. Saa zote ni za hesabu ya Kiswahili kwa majira ya Uingereza, isipokuwa tukisema vinginevyo. Majina ya Kiingereza tumeyaacha pale ambapo vibao vya hifadhini na vitabu vya ndege havina jina jingine.

Majira ya kuchipua huanza lini hasa?

Watabiri wa hali ya hewa huhesabu tarehe 1 Machi hadi 31 Mei. Wanaastronomia huanza na siku ile mchana na usiku vinapokaribia kulingana, 20 Machi au karibu yake. Mimea na wanyama hawafuati kalenda yoyote kati ya hizo. Vyura huanza kutaga kwenye madimbwi kuanzia Februari kusini, na milima ya Scotland huchelewa kwa wiki kadhaa.

Kwa kupanga safari, shika hivi. Machi ni mwezi wa sungura na nyoka, kwa sababu majani bado mafupi na miti mitupu, unaona mbali. Aprili ni mwezi wa wageni kutoka Afrika. Mei, hasa wiki tatu za mwanzo, ndiyo kilele: kila kichaka kinaimba na viota vimejaa. Juni ni makinda na ndege wa baharini. Ukiwa na likizo ya wiki moja tu, chukua ya Mei.

Kumbuka pia kwamba saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Asiyejua hilo hufika hifadhini amechelewa saa nzima.

Springwatch ni kipindi gani?

Ni kipindi cha BBC Two kinachorushwa moja kwa moja kwa takriban wiki tatu, mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni, mara nyingi saa mbili usiku. Kilianza mwaka 2005. Kamera ndogo huwekwa kwenye viota, mashimo na kingo za maji, zikirekodi usiku na mchana, na watangazaji hueleza kilichotokea tangu jana yake. Kituo huhama kila baada ya miaka michache: kilianzia Devon, kikaenda Pensthorpe huko Norfolk, Ynys-hir huko Wales, Minsmere huko Suffolk, na baadaye Wild Ken Hill na Arne. Mtangazaji Chris Packham alijiunga mwaka 2009 na mwenzake Michaela Strachan mwaka 2011. Mwaka 2017 aliingia Gillian Burke, mwanabiolojia aliyezaliwa Kenya.

Ukikaa Uingereza unahitaji leseni ya televisheni ili kutazama chaneli yoyote moja kwa moja, na unaihitaji pia kwa chochote kilicho kwenye BBC iPlayer, hata ukitazama kwa simu.

Niko Mombasa, Dar, Bujumbura au Muscat. Nitaonaje?

iPlayer imefungwa kwa walio nje ya Uingereza. Lakini kuna njia ambayo kwa maoni yetu ni nzuri kuliko kipindi chenyewe: kamera za viota zilizo wazi kwa dunia nzima kwenye intaneti. Anza na tai mla-samaki aitwaye osprey. Kiota cha Manton Bay huko Rutland Water na kile cha mradi wa Dyfi huko Wales huonyeshwa mfululizo msimu mzima bila malipo. Ndege hawa huwasili mwishoni mwa Machi, hutaga kwa kawaida mayai matatu mwezi Aprili, huyaatamia kwa siku 37 hivi, na makinda huruka Julai. Rutland walianza kuwarudisha mwaka 1996 kwa kuleta makinda kutoka Scotland, na jozi ya kwanza ikazaa huko mwaka 2001.

Fungua kamera mapema asubuhi au jioni, ndipo dume huleta samaki. Uingereza ya majira haya iko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa mbili, nyuma ya Bujumbura, Kigali na Lubumbashi kwa saa moja, na nyuma ya Muscat kwa saa tatu. Kwa hiyo kukipambazuka kiotani saa kumi na moja alfajiri, Mombasa ni saa moja asubuhi.

Kwa nini watangazaji huacha kinda afe bila kumwokoa?

Swali hili huja kila mwaka, na mara nyingi huja na machozi. Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza: kamera ipo kuonyesha kinachotokea kwenye maelfu ya viota visivyo na kamera. Kumwokoa kinda mmoja mdhaifu mara nyingi ni kumnyima chakula mwenye nguvu, au kumnyang'anya bundi mlo wa watoto wake.

Ya pili ni ya hesabu. Chukua yule ndege mdogo wa kichwa cha buluu na kifua cha njano, blue tit. Jike hutaga yai moja kila asubuhi hadi yafike manane, kumi, hata kumi na mawili, na kwa kawaida huzaa mara moja tu kwa mwaka. Makinda hutegemea viwavi wa majani ya mwaloni, na viwavi hao wapo kwa wingi kwa wiki chache tu. Baridi na mvua ya siku tatu mfululizo katikati ya Mei huwapunguza viwavi na kumzuia mama asiwinde. Anayeanguliwa mwisho ndiye hukosa, kwa kuwa wazazi hulisha mdomo unaonyooka juu kuliko yote. Mayai mengi yale ni maandalizi ya mwaka mzuri. Mwaka mbaya hupunguza wenyewe.

Na kwa nini picha za usiku hazina rangi?

Kamera hutumia taa za mwanga usioonekana kwa macho yetu wala ya ndege. Mwanga huo hauna rangi, ndiyo maana picha hutoka nyeusi na nyeupe. Macho ya mnyama yanayong'aa ni mwanga huohuo unaorudi, mnyama hajashtuka.

Ndege wanaorudi Uingereza ni walewale tunaowaona kwetu?

Spishi ni zilezile, lakini si lazima awe ndege uleule uliyemwona kwenye waya wa umeme Morogoro. Mbayuwayu wa Uingereza hupita Afrika ya magharibi na bonde la Kongo na kwenda kukaa Afrika Kusini. Hilo lilithibitishwa kwa pete: mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire Mei 1911 alipatikana Natal Desemba 1912. Wanaojaa Afrika Mashariki wengi hutoka mashariki zaidi, Ulaya ya mashariki na Asia.

Teleka, ndege wa mabawa yaliyopinda kama mundu, ana habari ya kushangaza kuliko wote. Teleka wa Uingereza huenda bonde la Kongo, na wengine huendelea hadi Msumbiji. Hula, hunywa na hulala akiruka. Karibu sababu pekee ya kutua kwake ni kuzaa. Huwasili Uingereza mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na ikifika mapema Agosti wengi wamekwisha kuondoka. Yaani hukaa Ulaya miezi mitatu.

Kekeo wa Ulaya, ambaye Waingereza humwita cuckoo, hufanya hivyohivyo. Shirika la utafiti wa ndege la BTO lilianza mwaka 2011 kuwafunga vifaa vidogo vya setilaiti, na ndipo ikajulikana kwamba wengi hukaa misitu ya Kongo miezi ya baridi. Madume huanza kurudi kusini mwezi Juni, kabla watoto wao hawajaota manyoya kamili. Watoto wao hulelewa na ndege wengine: jike hutaga kwenye kiota cha ndege mdogo wa matete, kinda la kekeo huanguliwa mapema, halafu, uchi na macho yakiwa yamefumba, huwabeba mgongoni wenzake na mayai na kuwasukuma nje mmoja mmoja. Baadaye hupata njia ya kwenda Kongo peke yake, hajawahi kufundishwa na mtu.

Kwa Mkongomani anayesikia kekeo kwenye matete ya Minsmere mwezi Mei, kwa hiyo, si vibaya kusema: yule ametoka kwetu.

Nitawatofautishaje mbayuwayu, teleka na wale wa vikombe vya udongo?

Mtazame akiwa ametulia kwanza. Akikaa kwenye waya, si teleka kamwe. Miguu yake haiwezi. Mbayuwayu ana koo jekundu la kutu na mkia wenye nyuzi mbili ndefu, hujenga ndani ya mabanda ya ng'ombe na huruka chini karibu na majani. Yule wa vikombe vya udongo chini ya mapaa ya nyumba, house martin, ana kiuno cheupe kinachoonekana wazi akigeuka, na mkia mfupi. Teleka ni mweusi wote isipokuwa kidevu, huruka juu kwa kasi, na jioni za Juni makundi hupita kati ya nyumba yakipiga kelele kali nyembamba. Ukisikia kelele hizo kabla ya kuona kitu, inua macho juu ya paa.

Wimbo wa alfajiri ni nini, na kwa nini watu huamka usiku kwa ajili yake?

Ni saa ile ambapo ndege karibu wote wa msitu huimba pamoja kabla jua halijachomoza. Madume wanatangaza mipaka na kuita majike, na alfajiri hewa imetulia, sauti inafika mbali, na bado ni giza mno kutafuta wadudu. Kilele ni mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Mei. Jumapili ya kwanza ya Mei imetengwa kuwa siku yake, na hifadhi nyingi huandaa matembezi ya kuongozwa. Weka nafasi wiki kadhaa mbele.

Mwanzoni mwa Mei jua la London huchomoza karibu saa kumi na moja na nusu. Uwe mahali pako saa kumi na robo, si kwenye gari unatafuta maegesho. Aliyezoea kuamka kwa sala ya alfajiri ameshapata nusu ya kazi. Chagua ukingo wa msitu wenye vichaka, si katikati ya msitu, maana ukingoni ndiko kuna aina nyingi. Simama. Usitembee kwa dakika ishirini za kwanza.

Wa kwanza kwa kawaida ni blackbird, mwenye sauti nene ya filimbi iliyotulia, na robin wa kifua cha rangi ya chungwa, mwenye sauti nyembamba inayoteremka kama maji. Karibu yao huingia song thrush, na huyu ni rahisi kumjua: husema kifungu kimoja mara mbili, tatu au nne, hunyamaza kidogo, kisha huchukua kingine. Kadiri mwanga unavyoongezeka huja wren, ndege mwenye uzito wa gramu kumi hivi, sauti yake ikakutikisa kama amemeza spika. Ndege wanaokula mbegu huja mwisho. Jua likishatoka sauti hupungua, wanaanza kula.

Kosa la kawaida ni kutaka kumjua kila mmoja siku ya kwanza. Chukua sauti tatu tu. Wiki inayofuata ongeza mbili. Kosa jingine ni mavazi: Mei alfajiri nyuzi joto zinaweza kuwa tano, na mtu aliyesimama bila kutembea hupoa haraka. Vaa tabaka, kofia, gambuti kwa ajili ya umande, na uwe na chupa ya chai.

Na ukisikia ndege akiimba usiku wa manane chini ya taa ya barabarani mjini, karibu kila mara ni robin. Nightingale, ndege maarufu kwa kuimba usiku, yuko kusini-mashariki, Kent, Sussex na Essex, kwenye vichaka vizito, kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Juni.

Programu ya simu inaweza kunitajia ndege kwa sauti?

Ndiyo. Merlin Bird ID ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ni ya bure, na ukishapakua kifurushi cha Uingereza ukiwa nyumbani hufanya kazi bila mtandao. Ichukue kama mtu anayekudokeza, usiifanye hakimu. Kwezi wa Ulaya huiga sauti za ndege wengine, nayo programu huweza kuandika jina la yule aliyeigwa. Upepo, maji yanayotiririka na watu wanaoongea pia huiharibia kazi. Kanuni nzuri: jina halihesabiki mpaka umemwona ndege mdomo ukifunguka.

Usipige sauti ya ndege kwa spika ili atoke. Dume hudhani ameingiliwa, huacha kulisha, na kiota hubaki wazi kwa kunguru.

Ninunue darubini gani, na kwa nini naona picha mbili au vivuli vyeusi?

Nunua 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni: 42 kwa 8 ni milimita 5.25, inatosha kwa alfajiri na jioni. Darubini ya 10 inavutia dukani, lakini mtetemo wa mikono nao hukuzwa mara kumi, na eneo unaloliona hupungua, kwa hiyo anayeanza hukosa kumpata ndege kichakani.

Kuirekebisha kunachukua dakika mbili na watu wengi hawajawahi kufanya hivyo. Kwanza ikunje au ifungue katikati mpaka uone duara moja. Ukivaa miwani, vikombe vya macho vizungushe vishuke chini kabisa; usipovaa, viinue. Sasa chagua kitu chenye maandishi mita ishirini mbele, kibao kwa mfano. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Kisha funga la kushoto, usiguse gurudumu, na uzungushe pete ndogo iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka nalo lisome. Weka alama ya mahali pete iliposimama. Kuanzia hapo unatumia gurudumu la katikati peke yake.

Vivuli vyeusi vinavyocheza pembeni maana yake jicho liko karibu mno au mbali mno, au vikombe havijawekwa sawa. Picha mbili zisizoungana baada ya marekebisho yote ni darubini iliyoanguka, vioo vyake vya ndani vimehama. Hiyo irudishe dukani, itakuumiza kichwa.

Na namna ya kumpata ndege: usimwachie macho. Mtazame yeye, kisha inua darubini ije mbele ya macho. Anayeinamisha kichwa kutazama darubini humpoteza.

Niko London na sina gari. Niende wapi?

Walthamstow Wetlands, mabwawa makubwa ya maji ya jiji yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 2017, kiingilio bure. Mei jioni, teleka na mbayuwayu hushuka kunywa wakiruka. London Wetland Centre huko Barnes ina kiingilio lakini ina vibanda vya kuchungulia vizuri kwa watoto na wazee. Rainham Marshes hufikiwa kwa treni hadi Purfleet, halafu kwa miguu.

Richmond Park ina kulungu zaidi ya 600. Kaa umbali wa mita 50 angalau. Mei hadi Julai majike huzaa na huficha watoto kwenye majani, na mama anayemhofia mbwa hushambulia kwa kwato.

Ukipata siku mbili, nenda mbali: miamba ya Bempton huko Yorkshire kwa maelfu ya ndege wa baharini, au kisiwa cha Skomer huko Wales kwa puffin, ndege wa baharini mwenye mdomo wa rangi kali, kati ya Mei na katikati ya Julai. Boti za Skomer hujaa haraka na hali ya bahari huzifuta siku hiyohiyo, kwa hiyo acha siku moja ya akiba.

Naruhusiwa kupita kwenye shamba la mtu?

England na Wales, ndiyo, ukifuata njia ya umma. Mshale wa njano ni njia ya waenda kwa miguu. Wa buluu ni ya farasi na baiskeli pia. Kwenye ramani za Ordnance Survey za kipimo cha 1:25,000 njia hizo ni vistari vya kijani. Nje ya njia, omba ruhusa. Scotland sheria ya mwaka 2003 inakupa haki ya kutembea karibu kila mahali, mradi usiharibu wala kusumbua.

Lango uliache ulivyolikuta. Likiwa wazi, mkulima amelifungua kwa sababu. Kati ya 1 Machi na 31 Julai, kwenye ardhi iliyo wazi kwa umma, mbwa awe kwenye kamba isiyozidi mita mbili, maana ndege wengi huko hutaga chini.

Ng'ombe wenye ndama ndio hatari ambayo wageni huidharau. Usipite kati ya mama na ndama. Zunguka kwa ukingo wa uzio, tembea taratibu bila kukimbia. Ukiwa na mbwa nao wakakujia, mwachie: wanamtaka yeye, naye atawashinda mbio.

Nimeokota kinda chini ya mti. Nifanye nini?

Mrudishe ulipomtoa, mara nyingi. Mtazame. Akiwa na manyoya, anarukaruka na mkia mfupi, ametoka kiotani kwa wakati wake na wazazi wako karibu wanasubiri uondoke. Aina nyingi hukaa chini siku moja au mbili kabla ya kuruka vizuri. Akiwa barabarani au kuna paka, msogeze mita chache hadi kwenye kichaka ambako wazazi bado watamsikia. Ile imani kwamba harufu ya mkono wa mtu humfanya mama amkatae si kweli kwa ndege.

Akiwa uchi, mrudishe kiotani kama unakiona na ni salama kupanda. Akiwa ameshikwa na paka au anatoka damu, mweke kwenye boksi lenye matundu na kitambaa, gizani, bila chakula wala maji, umpeleke kwa daktari wa mifugo au kituo cha kuokoa wanyama. Maji yanayotiwa mdomoni huingia mapafuni.

Mtoto wa kulungu aliyejikunyata peke yake kwenye majani hajatupwa. Mama humficha na kurudi mara chache kwa siku kumnyonyesha. Usimguse, usipige picha kwa karibu, ondoka.

Sungura wanaopigana ngumi mwezi Machi wanagombania nini?

Wengi hudhani ni madume wawili. Mara nyingi ni jike anamfukuza dume ambaye amekuja kabla hajawa tayari. Waangalie kwenye mashamba wazi ya ngano ya Norfolk na Suffolk, asubuhi mapema au jioni, kabla ngano haijawaficha. Ni ndugu wa damu wa sungura wa hadithi zetu. Yule anayekaa mashimoni, rabbit, ni mwingine.

Ninataka kumwona badger. Nianzie wapi?

Ni mnyama mzito wa jamii moja na nyegere, uso mweupe wenye mistari miwili myeusi, hutoka usiku. Shimo lake ni pana kuliko urefu wake, kama herufi D iliyolala chali, na mbele pana rundo la udongo lenye nyasi kavu za malazi ya zamani. Watoto huzaliwa karibu Februari na huanza kutoka nje Aprili na Mei, na huo ndio wakati bora: giza bado halijakolea wanapotoka.

Fika saa moja kabla ya jua kuzama. Pima upepo kwa kurusha unga kidogo au majani makavu. Upepo lazima utoke kwao kuja kwako. Macho yao ni dhaifu, pua zao hazikosei. Egemea shina la mti ili umbo lako lisijitokeze, mita 15 au zaidi kutoka shimoni. Koti la nailoni linalochakarisha libaki nyumbani, vaa la sufu. Tochi yenye mwanga mwekundu huwasumbua kidogo. Wasipotoka, sababu kwa kawaida ni upepo kugeuka au wewe kuchelewa.

Sheria ya mwaka 1992 inakataza kuharibu au kuingilia shimo lao. Usichimbe, usizibe, usiingize kamera ndani.

Kalunguyeye anaingia bustanini kwangu. Nimpe maziwa?

Hapana. Maziwa humharisha na yanaweza kumuua. Mpe sahani ya maji na chakula cha paka chenye nyama. Ukitaka waendelee kuja, kata tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya uzio na umshawishi jirani naye akate, kwa sababu kalunguyeye mmoja hutembea kilomita moja au mbili usiku mmoja. Kabla ya kufyeka majani marefu kwa mashine, pekua kwa mkono.

Nataka kijumba cha ndege chenye kamera. Kwa nini changu hakipati mpangaji?

Tundu kwanza. Milimita 25 kwa blue tit, 28 kwa ndugu yake mkubwa great tit, 32 kwa shomoro. Kitundike mita mbili hadi nne juu, kikielekea kati ya kaskazini na mashariki, jua la mchana lisiwakaange makinda. Kiwekwe vuli, na si baada ya Februari: ndege hukagua vijumba wakati wa baridi, na kamera inayofungwa jike akiwa ameanza kujenga itamfukuza.

Kamera iwe darini mwa kijumba, lenzi ikitazama chini. Watu huirekebisha kwa sakafu tupu, kisha manyoya na kuvumwani (moss) ya kiota hupanda sentimita kadhaa na picha yote inakuwa na ukungu. Irekebishe kwa kitu kilichoinuliwa, kikombe cha chai kwa mfano. Matatizo mengine mawili ni unyevu kwenye viunganishi vya waya, na mawimbi ya Wi-Fi yasiyofika mwisho wa bustani.

Nyoka na kupe je?

Nyoka mwenye sumu wa asili huko ni mmoja, adder, jamii ya kifutu lakini mdogo sana, mstari wa zigizaga mgongoni. Machi na Aprili hujianika asubuhi kwenye nyasi zinazoelekea jua. Akiuma, tulia, usifunge kamba, usikate wala kunyonya, nenda hospitali.

Kupe husumbua zaidi kuliko nyoka. Ukirudi, jikague nyuma ya magoti, kinena, makwapa na nywele za watoto. Mng'oe kwa kibano chembamba, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja juu, bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Alama nyekundu inayotanuka, mara nyingi wiki moja hadi nne baadaye, au homa na uchovu, ni sababu ya kumwona daktari na kumwambia siku uliyoumwa.

Nimeona ndege mwenye pete mguuni. Nimwambie nani?

Soma herufi na namba zote, hata kwa picha ya darubini, na andika tarehe, mahali na hali ya ndege. Pete nyingi za Uingereza zina anwani ya Natural History Museum ya London, na taarifa hupokelewa kwa mtandao kupitia www.ring.ac, anwani ambayo pia huandikwa kwenye pete. Unaweza kuituma ukiwa popote. Mbayuwayu aliyekufa chini ya waya Lubumbashi au teleka aliyeokotwa Nampula akiwa na pete ni habari ambayo aliyemvisha amekuwa akiisubiri, naye atakutumia jibu la mahali na siku alipovishwa.